Mistari Saba Aliyoituma Umulkheir

Foleni ya duka kubwa la mtaa wa Ntinda ilisimama kwa sababu kompyuta ya keshia iliganda. Umulkheir, binti wa mtaa wa Kibuli, aliyevaa abaya ya kijani na shungi jeupe, alinong'ona, "Memori imejaa."

"Au imechoka kututazama," alijibu mwanamume aliyekuwa nyuma yake, shati lake la kitenge limenyooka kwa pasi. Aliitwa Hamdun, mwalimu wa hisabati huko Naguru. Foleni iliposogea, walikuwa wamekwisha kupeana namba za simu.

Kwa miezi minne walipigiana kila alasiri.

"Umekula, laazizi?"

"Chakula kitapitaje kabla sijasikia sauti yako?"

"Muongo mkubwa wewe!"

Umulkheir alitunza kompyuta za kliniki moja ya uzazi. Hapo ilitumika programu ndogo isiyo na picha wala vitufe. Unaiandikia amri, nayo inatafuta rekodi za wagonjwa. Jumatatu moja ilizimika ghafla. Mama aliyejifungua alikuwa akivuja damu, na wauguzi wakahangaika kutafuta kundi lake la damu kwenye makaratasi. Alinusurika kwa shida.

Umulkheir aliifungua programu ile, ambayo maandishi yake yalikuwa wazi mtandaoni kwa yeyote kuyasahihisha. Akaona kosa: iliomba memori ya kompyuta bila kuirudisha, na mahali pengine iliirudisha ileile mara mbili, ndiyo maana ilizimika. Alisahihisha mistari saba, akamtumia mwandishi wake, aliyejiita Nyuki. Kwa hasira akaongeza, "Mama mmoja alivuja damu, programu yako imezimika. Aliyeandika hivi hajali uhai wa watu." Akatia jina lake mwenyewe.

Tangu siku hiyo Hamdun hakupokea simu. Umulkheir alilia, akiamini amepata mwingine. Siku ya kumi alipanda boda boda hadi Naguru, akamkuta barazani pa shule yake, hajanyoa ndevu, amekonda.

"Kama umenichoka, niambie usoni."

"Nyuki ni mimi, Umulkheir."

Hamdun akaendelea kabla hajajibiwa.

"Niliiandika wodini, kando ya kitanda cha mama yangu. Faili lake lilipotea mara tatu. Nilitaka la mwingine lisipotee. Alipofariki, sikuweza kuigusa tena, wala kuitaja. Kisha nikasoma maneno yako."

"Nisamehe, Hamdun. Sikujua."

"Hata ungejua, yule mama wa kliniki angevuja damu vilevile. Nilikuacha kwa aibu, si kwa hasira."

Umulkheir alivuta kiti. "Una laptopu? Ifungue. Tuisome yote, tangu mstari wa kwanza."

Walisoma hadi adhana ya alasiri, wakapata makosa mengine matano. Walipofikia sehemu aliyoiandika siku mama yake alipokata roho, Hamdun aliinama akalia. Umulkheir hakumnyamazisha. Alisahihisha mstari wenye kosa mwenyewe, taratibu, akamsomea kwa sauti.

Hamdun alijifuta uso.

"Wazee wangu wakija kwenu, watapokewa?"

"Waje Jumapili," alisema Umulkheir. "Baba atakuwepo. Mimi nitamwambia leo."