Kidole cha Waya

Gari la fundi cherehani lilinyamaza ghafla kwenye foleni ya kituo cha mafuta, jua la utosi, na honi za nyuma zikaanza kumtukana. Alikuwa amelinunua juzi tu. Akabonyeza hiki, akabonyeza kile, jasho likilowesha shati zuri aliloshona mwenyewe.

Dada mwenye ovaroli ya buluu na kilemba chekundu akainama dirishani.

"Kaka, halijazima. Kanyaga mafuta."

Likateleza mbele kimya kama paka.

"Mbona halingurumi?"

"Hili ni mseto, lina injini ya petroli na mota ya umeme. Ukienda polepole linatumia umeme. Ukikimbia, injini inaamka. Kila ukifunga breki, betri inajichaji."

"Kwa hiyo silichomeki ukutani?"

"Lako hapana. Langu ndilo la kuchomeka, maana ni umeme mtupu, halina hata tangi."

"Sasa kituo cha mafuta umefuata nini?"

"Maji ya kunywa," alicheka. "Sikukufuata wewe, usijipe moyo!"

Lakini alijipa. Dada huyo alikuwa fundi wa magari ya umeme, na watu walimwita Waya. Simu za jioni zikawa hazina mwisho.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula, ila sauti yako sijashiba."

Mwaka haujapinduka, akamvisha pete ya uchumba.

Siku moja akaenda gereji bila taarifa. Getini akamwona Waya akicheka na bwana mmoja wa suti na tai, mkono wa bwana huyo begani mwake. Kidoleni hakuna pete. Moyo ukamfa ganzi. Akageuza gari, na tangu hapo kila Waya alipompigia, aliiacha simu iite mpaka ikate.

Asubuhi moja ikaita namba ngeni. Alikuwa fundi mwenzake Waya. "Shemeji, njoo! Betri imeshika moto, na Waya alikuwa ndani..." Simu ikakatika.

Alitoka mbio, tepu ya kupimia ingali shingoni. Gereji ilikuwa moshi mtupu. Akapenya umati, hata akamkuta ameketi ukingoni mwa barabara, masizi usoni, bandeji kiganjani. Mzima. Akachuchumaa mbele yake.

"Leo ndiyo umeniona?" Waya aliuliza. "Hupokei simu, nimekukosea nini?"

"Nilikuja gereji siku ile, kidole kilikuwa kitupu. Na yule wa tai..."

"Baba yangu mdogo! Alikuja kuuliza harusi lini." Machozi yakamlengalenga. "Na betri hizi zina umeme wa kuua. Kazini tunavua kila chuma, saa, pete, vyote. Ungeniuliza tu."

"Nimekosa. Wivu ulinipofusha. Nisamehe."

Waya akamwegemea begani kwa uzito wake wote. Yeye akashusha pumzi kama aliyetua gunia, machozi yakimtiririka.

Simu ya Waya ikaita: mama yake, habari za moto zimemfikia.

"Mzima, mama, nimeungua kidogo tu mkononi. Huyu mkweo ndiye wa kuombewa, analia kuliko mimi."