Simu Ndani ya Ndoo ya Mchele

Palikuwa na muuguzi mmoja ambaye simu yake haikuzimwa kamwe. Alikula nayo. Alifua nayo. Hata msalani aliingia nayo. Majirani walimwita Mama Zamu, kwa sababu zamu yake haikuwa na mwanzo wala mwisho.

Katika hospitali yao, yeye ndiye aliyefunzwa kumhudumia mtu aliyebakwa. Mtu kama huyo akifika, saa yoyote ile, Mama Zamu anapigiwa simu. Anatoka mbio. Anamsikiliza, anampima kwa upole, anampa dawa, anahifadhi ushahidi. Ratiba ya kazi hiyo ilibandikwa ukutani ofisini kwa matroni, mkuu wa wauguzi. Ilikuwa na visanduku thelathini vya mwezi, na vyote thelathini vilijazwa jina moja. Haya, niambie wewe msomaji, hiyo ni ratiba au ni adhabu?

Mwaka wa pili huo. Mama Zamu alikuwa amekonda. Alitia chumvi kwenye chai akainywa bila kujua. Siku moja alisinzia akimchana binti yake nywele.

"Mama, umelala?" binti aliuliza.

"Sijalala. Ninafikiri."

"Unafikiri huku unakoroma?"

Mume wake, seremala, alitikisa kichwa. "Mke wangu, utaanguka."

"Nikianguka nitapumzika," alijibu. Hakuna aliyecheka.

Jumapili moja alirudi nyumbani adhuhuri, baada ya kuitwa siku mbili mfululizo. Alikula matonge matatu tu, kisha usingizi ukamchukua pale pale kitini. Seremala alikuwa ametoka na binti. Aliyebaki nyumbani ni mama mkwe, na mama huyu alimpenda mke wa mwanawe kuliko hata watoto wake wa kuwazaa. Wala hakuficha.

"Maskini mwanangu," alinong'ona. "Leo hakuna wa kukuamsha."

Akaichomoa simu mkononi mwake polepole. Kuizima hakujua. Basi akaiviringisha kwa taulo, akaitumbukiza ndani ya ndoo ya mchele, akafunika. Simu ikalia. Mama mkwe akaanza kuimba. Ikalia tena, akapandisha sauti. Simu ililia mara sita, na mara sita mama mkwe aliimba.

Mama Zamu aliamka saa kumi na moja jioni. Mwili ulikuwa mwepesi, akashangaa. Kisha akapapasa kiti.

"Mama, simu yangu iko wapi?"

"Jamani, si upumzike kidogo tu..."

"Mama! Simu!"

Ndoo ikafunuliwa. Simu ya kwanza ilikuwa imepigwa saa nane mchana. Mama Zamu alitoka bila kufunga kamba za viatu.

Benchi la hospitali lilikuwa tupu. "Ni msichana mmoja, mshonaji," mpokea wagonjwa alimwambia huku akitazama chini. "Yamemkuta leo alfajiri. Amekaa hapo saa mbili na nusu, kila apitaye anamkodolea macho. Mwisho ameondoka na dada yake."

"Hamkumpa hata dawa za kuanzia?"

"Tulikuwa tunakungoja wewe. Si ndiyo kawaida yetu?"

Mama Zamu aligeukia daftari la mapokezi. Alichukua namba waliyoacha, akapiga. Aliyepokea ni dada mtu, na alikuwa na hasira.

"Ameshaoga. Nguo tumezifua. Sasa aje kufanya nini?"

"Aje hivyo hivyo, dada. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zinaanzwa ndani ya siku tatu, na kila saa ina maana. Nakuomba."

"Tutaona," alisema dada, akakata.

Jumatatu ikapita. Hawakuja. Mama Zamu alihesabu saa. Jioni mama mkwe alikaa mlangoni analia. Jirani yao akamkuta hapo. Jirani huyu alikuwa mwanamke, fundi wa mitambo ya maji, na wote walimwita Fundi Pampu.

"Mama, kuna msiba?"

"Msiba nimeuleta mimi. Nilificha simu mwanangu alale. Kuna mtu alimhitaji, akamkosa. Majuto ni mjukuu."

Fundi Pampu aliingia ndani, akavuta kigoda karibu na Mama Zamu.

"Simu ni kosa, sawa. Lakini hebu niambie, wewe zamu yako inaisha lini?"

"Haiishi."

"Basi mama hajaua mtambo. Mtambo ulikuwa unaungua tayari. Pale kazini kwetu pampu zikiharibika mji mzima unakosa maji. Unadhani tunamtegemea mtu mmoja? Tuna wa kwanza. Asipopokea simu kwa robo saa, anapigiwa wa pili. Na kuna anayepumzika. Huyo hapigiwi hata kama mbingu zinaanguka."

"Nyinyi mko wengi. Huku hakuna mwingine anayejua kazi hii."

"Mafunzo ulisoma peke yako?"

Mama Zamu alihesabu kwa vidole. "Tulikuwa watatu. Mmoja ni tabibu, yuko zahanati ya ng'ambo ya barabara kuu. Mwingine ni muuguzi, yuko kituo cha afya kule sokoni."

"Na kwa nini hawamo kwenye ratiba?"

"Kwa sababu... kwa sababu mimi nipo."

"Ehee! Kidole kimoja hakivunji chawa, mwenzangu. Ulizoea kuitika, nao wakazoea kukuita."

Jumanne saa nne asubuhi, mshonaji alisimama mlangoni pa hospitali. Dada yake alikuwa amemshika mkono. Mama Zamu aliwaingiza chumbani, akafunga mlango, akawapa viti.

"Nilidhani hamnitaki," mshonaji alisema kwa sauti ndogo.

Maneno hayo yalimchoma Mama Zamu kuliko tusi. "Tunakutaka. Kosa ni letu, si lako. Na lililokupata si kosa lako hata chembe."

Alimweleza kila jambo kabla ya kulifanya, na kila mara alimwuliza kama aendelee. Alimpa dawa za kuzuia virusi, akamwambia azinywe kwa siku ishirini na nane bila kuruka. Alimpa za kuzuia mimba, ambazo nazo hazisubiri kupita siku tano. Aliandika michubuko yote.

"Nimeharibu ushahidi kwa kuoga?" mshonaji aliuliza.

"Sitakudanganya, sehemu yake imepotea. Ni bora mtu aje kabla ya kuoga, na nguo azilete kwenye mfuko wa karatasi, bila kuzifua. Lakini hata aliyeoga aje. Tiba ipo, na bado tunaweza kuandika tulichokiona."

Walipoondoka, Mama Zamu alikwenda moja kwa moja kwa matroni. Aliibandua ratiba ukutani, akaiweka mezani.

"Sitaki jina langu kwenye visanduku vyote," alisema, na machozi yakamtoka. "Nimechoka. Na nikichoka, wao ndio wanaoumia."

Matroni aliitazama karatasi ile, akauliza nani wengine wamefunzwa. Siku hiyo hiyo aliwapigia tabibu na muuguzi wa sokoni. Wiki iliyofuata ratiba mpya ikabandikwa: wa kwanza, wa pili, na anayepumzika. Wapokea wagonjwa nao wakafundishwa. Mtu akifika asikalishwe benchi. Aingizwe chumba chenye mlango, aambiwe asioge kwanza, daktari aliyepo amwanzishie dawa.

Ikafika Jumapili ya mapumziko. Baada ya chakula, mama mkwe aliitazama simu pale mezani kwa wasiwasi.

"Nisiitie ndooni?"

"Iache tu, mama. Leo wanaoitwa ni wenzangu."

Alilala kitandani, si kitini.

Jumatatu alifungua daftari la zamu. Mwandiko ulikuwa wa tabibu. "Jumapili. Mgonjwa amefika saa nane mchana. Dawa za kuanzia, saa nane na robo. Nimefika saa nane na dakika ishirini. Amehudumiwa."

Mama Zamu aliyasoma maneno hayo mara mbili. Saa nane ya jana yeye alikuwa amelala fofofo, na mama mkwe alikuwa jikoni, anachambua mchele.