Majani ya Dende

Kila Jumamosi alfajiri Nsimire na mama yake walitelemka kutoka Kabare kwenda Bukavu, vitunga vya kabichi mgongoni, kamba zikiwakaza paji la uso. Kabichi zenyewe zilikuwa zimemenywa zikabaki nyeupe. Majani ya nje yalikuwa chakula cha dende, wale wanyama wadogo wenye manyoya waliofugwa jikoni, na isitoshe mzigo ulipungua.

Jumamosi hiyo Nsimire hakuwa na raha. Mwalimu alikuwa amesema kwamba asiyelipa karo kabla ya mwisho wa mwezi atarudishwa nyumbani. Na Maman Colombe, muuza mboga wa soko la Nyawera, akawalipa makuta machache yale yale ya siku zote.

Mama alipokwenda kununua chumvi, Nsimire alimsikia Maman Colombe akimtajia mteja bei ya kabichi zao. Mara tatu ya walicholipwa! Damu ikamchemka.

"Mwizi! Unatuibia!"

Mteja akarudisha kabichi mezani, akaenda zake. Nsimire alingoja kofi. Maman Colombe alimshika mkono tu, akampeleka nyuma ya meza penye lundo la kabichi zilizopondeka na kunuka.

"Angalia, mutoto. Hizi ni shu zenu za juma iliyopita. Shu zinakuya bila majani, zinagongana ku njia, zinaoza mbio. Karibu nusu ninatupa. Ile ninatupa, nani ananilipa? Na kodi ya soko?"

Nsimire aliona aibu hadi machozi yakamlenga.

"Unisamehe, Maman. Na kama tunaziacha na majani yake?"

"Nitaongeza bei."

"Lakini dende watakula nini?"

Maman Colombe akaangua kicheko. "Miye ninauzisha shu, siuzishe majani! Utarudia nayo ku kitunga."

Jumamosi iliyofuata mzigo ulikuwa mzito na shingo ziliwauma kweli. Lakini kabichi zilifika nzima, na Maman Colombe akatimiza neno lake. Kabla mwezi haujaisha, karo ililipwa.

"Yule maman anapata faida, sikatae," mama alimwambia Nsimire wakipanda mlima na vitunga vya majani. "Lakini mbele ya kuita mutu mwizi, fuata kitunga mpaka kule kinafika. Pale ndipo utajua cha kuomba."

Jikoni dende walipiga kelele za furaha. Hawakujua kwamba chakula chao kilikuwa kimetembea mpaka Nyawera na kurudi.