Mche Uliofungwa Utepe

Jina lake la darasani lilikuwa zuri tu, lakini nyumbani hakuna aliyelitumia. Wote walimwita Kwanini. Alianza asubuhi, hata chai haijachemka. "Mama, kwa nini mfuniko unacheza?" "Mama, kwa nini sabuni ni ya kijani na povu ni jeupe?" Akitumwa chumvi dukani, alirudi amechelewa, kwa kuwa alisimama kwa fundi baiskeli kuuliza mambo ya mnyororo. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na mara nyingi alimjibu akiwa amebana pini mdomoni: "Mm." Maana yake ilikuwa, niache nimalize hili gauni la watu.

Maswali yenyewe hayakuwa na ubaya. Shida ilikuwa mikono. Swali likichelewa kujibiwa, mikono ya Kwanini ilikwenda kutafuta jibu yenyewe. Ndiyo maana redio ya baba haikuwa na mgongo, na saa ya ukutani ilikaa kabatini ndani ya bakuli, vipande vipande.

Likizo ilipofika, mama alimfungia mzigo. "Nenda milimani kwa mjomba wako," alisema. "Ana mashamba ya matunda na ana maneno mengi kukushinda. Uliza mpaka uchoke. Lakini hiyo mikono, mwanangu, ikae na adabu."

"Itakaa, mama," Kwanini aliitikia, na wakati huo huo alikuwa anaifungua zipu ya begi kuona imeshonwaje.

Milimani kulikuwa na kimya cha ajabu. Hakuna honi, hakuna mashine ya kusaga, hakuna jirani anayepiga muziki. Usiku wa kwanza Kwanini alisikia kitu kikianguka nje, pu! Akaketi kitandani. Kumbe ni parachichi tu limejidondokea. Asubuhi ukungu ulipopanda, aliona miti imejipanga kwa mistari kuanzia nyuma ya jiko hadi chini bondeni: maparachichi, matofaa, mapea. Alisimama mlangoni na mswaki mdomoni mpaka Bibi, mama yake mjomba, akamwambia amalize kusukutua kwanza.

Mjomba alikuwa mtu wa utani. "Karibu, mama," alimwambia. "Nasikia umefukuzwa mjini kwa sababu umemaliza maswali yote ya huko."

"Shikamoo, mjomba. Sijafukuzwa! Kwa nini parachichi mnalichuma na kikonyo chake?"

"Marahaba. Ehee, ndiyo hayo sasa!" Mjomba alicheka. "Ukiling'oa kikonyo unaliachia kidonda, linaoza kuanzia hapo. Haya, jingine."

Ilikuwa raha tupu. Mjomba alijibu kila kitu, na asichokijua alisema hakijui. Mtoto wake, aliyelingana na Kwanini kwa umri, alifuatana nao kila mahali. Huyu naye walimpa jina la Kibabu, kwa kuwa alitembea mikono nyuma na kuguna kabla ya kusema.

Siku moja waliingia banda la miche, nyuma ya nyumba, chini ya wavu mweusi wa kivuli. Miche ilisimama ndani ya vifuko vya plastiki, mingi sana, lakini mmoja ulikaa peke yake kwenye kona, juu ya tofali. Katikati ya shina lake ulikuwa umefungwa utepe mweupe, kama kidole chenye bandeji.

"Huu unaumwa?" Kwanini aliuliza.

Mjomba alichuchumaa. Safari hii hakutania. "Huu ni wa bibi yako. Umeona kile kisiki karibu na jiko? Pale palikuwa na mpea alioupanda marehemu babu yako siku mama yako alipozaliwa. Mapea yake hayakuwa na mfano huku milimani. Mizizi ilioza, ikabidi tuukate usije ukaangukia nyumba. Kabla ya kuukata nilichukua vijiti vyake, nikavibebesha kwenye miche mingine. Kubebesha ni hivi: unachana mche wenye mizizi mizima, unachonga kijiti chako, unakipachika pale, unafunga. Vikipatana, vinakuwa mti mmoja. Vijiti vingine vyote vilikauka. Umebaki huu."

"Na ule mti wa zamani?"

"Tumeupikia. Kuni zake zimekwisha."

Kwanini alisogeza uso karibu na utepe. "Sasa unajuaje kama vimepatana, na umevifunika?"

"Sijui. Nangoja. Kikitoa jani, nitajua. Mpaka hapo, utepe haufunguliwi na mche hauguswi. Ukitikisika kidogo tu, au upepo ukiingia pale kwenye jeraha, basi tena."

Kila jioni Bibi alikwenda bandani na kigoda chake. Hakufanya kitu, aliutazama tu ule mche, akamwagilia maji kidogo kwa kikombe, akaondoka. Kwanini alimwona akiusemesha. Lakini kilichomkaa kichwani hakikuwa Bibi. Ni utepe. Chini yake kukoje? Vinashikana kama gundi, au kama mfupa? Alipokula aliwaza utepe. Alipooga aliwaza utepe.

Siku ya kukusanya maparachichi, mjomba aliteremka na wachumaji hadi banda la kupangia matunda, chini barabarani. Bibi alikuwa jikoni, Kibabu alitumwa mtoni kuchota maji. Kwanini akajikuta ndani ya banda la miche, ameshika ncha ya utepe. Nitachungulia tu, alijiambia, halafu nitarudisha vile vile.

Utepe ulifunguka kwa urahisi. Ndani aliona mstari mwembamba wa kijani na kitu kama uvimbe mdogo, laini, unaong'aa kwa unyevu. Lo! Vilikuwa vinashikana kweli! Akainama aone zaidi, kidole kikakigusa kijiti, na kijiti kikalala upande.

Alikisimamisha, akazungusha utepe haraka haraka, ukajikunja, ukaacha uwazi. Akafungua tena, akafunga tena. Mikono ile iliyokuwa hodari wa kufungua kila kitu haikujua kufunga hata kimoja.

"Hmm," mtu aliguna nyuma yake. Kibabu, na ndoo kichwani.

"Usiseme!" Kwanini alimsihi.

Kibabu aliitua ndoo, akautazama mche. "Umeutia hasara. Lakini sikia, tunaweza kusema ni kuku. Kuku wanaingia humu kila siku. Nani atamhoji kuku?"

Kwanini alitaka sana iwe kuku. Alitoka bandani akaenda kukaa jikoni, akapewa maharage ya kuchambua. Bibi alikuwa anaimba kwa sauti ya chini.

"Bibi," alisema, "kwa nini unautazama ule mche kila siku, na hufanyi chochote?"

Bibi alicheka. "Mjukuu wangu, mimi nimekula mapea ya mti ule tangu nina meno yote. Babu yako alikuwa ananichumia la kwanza, ananifichia kwenye mfuko wa koti. Nikiuona ule mche unaishi, najua nitaonja tena. Basi. Hata likiwa moja."

Kule bandani upepo ulikuwa unaingia kwenye jeraha la mche, sasa hivi, wakati Kwanini anachambua maharage. Angeweza kunyamaza. Kuku wangebeba lawama, wala hawangejitetea. Lakini kuku wasingeufunga ule utepe, na hapa nyumbani aliyejua kuufunga ni mtu mmoja tu.

Aliweka ungo chini, akatoka mbio. Kibabu alimwita, hakugeuka. Aliteremka katikati ya mistari ya miti, akateleza, kandambili moja ikabaki kwenye tope, akaiacha. Alipofika bandani kwa wapangaji wa matunda alikuwa anahema, na watu wote waligeuka kumtazama.

"Mjomba, nimeufungua utepe! Mche wa Bibi. Nimeufungua kwa mikono yangu, kijiti kimelala, nimejaribu kufunga nimeshindwa!" Kisha akalia, mbele ya wageni wote wale.

Mjomba hakupiga kelele. Uso wake ulibadilika, hilo Kwanini aliliona. "Umeufungua lini?"

"Sasa hivi. Kibabu alipokuwa anatoka mtoni."

Mjomba aliacha kreti pale pale. Alipanda kilima kwa hatua ndefu, Kwanini nyuma yake na mguu mmoja pekupeku. Bandani aliosha mikono, akatoa wembe mpya na utepe mpya, akapiga magoti. Alikisimamisha kijiti taratibu mpaka kikarudi mahali pake, akaanza kuzungusha utepe kutoka chini kwenda juu, akiubana kila mzunguko. Mwisho aliufunika mche wote kwa mfuko wa plastiki ili unyevu usipotee. Kwanini alitazama mikono ameiweka nyuma, kama Kibabu.

"Utapona?" alinong'ona.

"Sijui. Jeraha bado bichi, halijakauka. Ungeniambia kesho, ningekuwa nazika kijiti." Mjomba alisimama. "Sasa nenda kamwambie bibi yako. Hilo silisemi mimi."

Hilo lilikuwa gumu kuliko kilima. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, na Kwanini akatamani achapwe yaishe. Halafu akaishika mikono ya mjukuu wake, akaigeuza geuza.

"Nimeudhika," alisema. "Sikufichi, nimeudhika sana. Lakini mikono hii naijua. Babu yako aliupanda ule mpea, na wiki ile ile akaufukua kuona kama umeshika. Nilimfokea mtaa mzima ukasikia."

Siku zilizofuata Kwanini alikwenda bandani na Bibi kila jioni. Alibeba kigoda, alibeba kikombe, hakugusa. Mfuko wa plastiki ulijaa umande, na kijiti kilikaa vile vile, kikavu machoni. Alikuwa ameshaanza kuhesabu kuwa ataondoka bila kujua.

Asubuhi ya kuondoka, Kibabu alimgongea dirisha akisahau kabisa kutembea kizee. "Njoo! Njoo uone!"

Juu ya utepe, kwenye kile kijiti, lilikuwa limechomoza jani. Dogo mno, limejikunja, la kijani kibichi. Bibi aliweka kiganja mdomoni. Kwanini aliruka ruka, akamkumbatia Kibabu, akamkumbatia mjomba, lakini mche hakuusogelea.

Mjomba alimkalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Sikiliza, mama. Kuuliza sikukukatazi, uliza mpaka uzeeke. Anayeuliza ndiye anayejifunza. Lakini kuna majibu ambayo mikono haiyaharakishi, ikiyaharakisha inayaua. Hayo yangoje. Na siku ukikosea, maana utakosea tena, mimi pia nakosea, usiukalishe ukweli jikoni ukachambua nao maharage. Uje nao mbio, kama ulivyokuja siku ile. Huu mche haukupona kwa utepe wangu. Umepona kwa sababu uliacha kandambili njiani."

Kwanini aliitikia kwa kichwa, akajifuta macho.

"Utakaporudi, ukiwa umekua," mjomba aliendelea, "tutakata kijiti chake na wewe mwenyewe utakibebesha, upeleke kwa mama yako."

Kwanini akafungua mdomo. "Kwa nini mpaka nirudi? Kwa nini tusikate sasa h..."

Wote walimtazama. Alifunga mdomo taratibu, akaweka mikono nyuma, na Bibi akacheka mpaka akashika mbavu.