Waya wa Njano

Majirani, semeni mtakalo, lakini mtaa huu haujawahi kuona bibi aliyetunzwa kama bibi yetu. Wa kwenu wanatunzwa kwa maneno. Wa kwetu alitunzwa kwa umeme. Sogeeni basi niwaeleze, na anayetaka kucheka acheke sasa, maana huko mbele nafasi ya kucheka ni finyu.

Kabla ya umeme huo mambo yalikuwa hivi. Bibi, mzaa mama, miguu ilimwishia nguvu, akawa mtu wa kitandani. Mchana Mama, ambaye ni fundi wa nguo, alileta vitambaa vyake chumbani humo, akaketi kwenye mkeka kutia vifungo. Mimi nilikaa miguuni pa kitanda na vitabu vya shule, najifanya nasoma. Bibi aliniita mume wangu, halafu akalalamika: mwanamume gani huyu hana hata ndevu.

"Subiri, mke wangu, zimeagizwa," namjibu.

Akitaka maji, mkono wa mtu uko karibu. Ndivyo siku zilivyokwenda, bila yeyote kuhisi kwamba anafanya kazi.

Kisha kaka yangu akarudi kutoka chuo cha ufundi. Nyumbani tulimwita Injinia, jina alilolipenda kuliko lake la kuzaliwa. Alisikitika kutukuta tumejazana mle.

"Watu wawili kumlinda mmoja," alisema. "Huku ni kupoteza nguvu kazi."

Akatengeneza kengele. Bodi mbili za saketi, ndogo kama viberiti, alizipanga ndani ya kisanduku cha plastiki kilichokuwa cha sabuni, akakitundika ukutani sebuleni. Bodi moja ilipokea waya mrefu kutoka kwenye kitufe cha kitandani. Nyingine ilibeba kengele na taa ndogo ya kijani. Ukingoni mwa kila bodi vilisimama vijiti vya chuma kama meno ya kitana, na kutoka bodi hadi bodi alichomeka nyaya tatu fupi: mwekundu na mweusi wa kupeleka umeme, na wa njano wa kupeleka habari kwamba kitufe kimebonyezwa. Hazikulehemiwa. Zilikaa kwa kushikilia tu, kila kijiti kimevaa ncha yake kama kofia.

Bibi akabonyeza, kengele ikalia, Mama akacheka mpaka akafuta machozi. "Sasa nitashona kwa nafasi," akasema, akahamishia vitambaa sebuleni. Nami nikahamisha vitabu. Injinia akatupa kanuni ya nyumba: taa ya kijani ikiwaka, mtambo ni mzima, kengele isipolia, Bibi hana shida, tusiingieingie kumchosha.

Kanuni hiyo tuliishika vizuri kuliko zote tulizowahi kupewa na Mama.

Lakini mnamjua mtu mwenye kitu cha kuonyesha? Hatulii. Kila mgeni akija, Injinia anafungua kisanduku, anachomoa nyaya, anaeleza, anazichomeka tena. Matundu ya zile ncha yakalegea kama soksi ya zamani. Siku moja alikuja Mama mdogo, akachungulia, akauliza, "Na hizi zikichomoka, mwanangu?"

"Zitachomokaje, Mama mdogo, na ziko ndani ya sanduku?"

"Si uzilehemu tu uzisahau."

"Nitazilehemu. Nikilehemu sasa hivi, watu nitawaonyesha nini?"

Mtu mwenye akili timamu angeshtuka hapo. Sisi tulicheka, na Mama mdogo akaongezewa chai.

Siku hiyo Injinia alirudisha nyaya huku akiongea. Mwekundu mahali pake, mweusi mahali pake. Wa njano akauchomeka kwenye kijiti cha jirani, kijiti kisichopeleka habari popote. Taa ikawaka kijani kama kawaida, maana taa ile haiuhitaji waya wa njano. Hakuna aliyesema kitufe kijaribiwe. Bibi alikuwa amelala, na kanuni ilikataza kumchosha.

Kesho yake mchana Mama alikwenda kupeleka nguo za mteja. Injinia alikuwa kazini. Mimi nilikuwa uani naosha viatu vya shule, mlango umefungwa, na sauti ya mtu mzee haipenyi ukuta. Bibi akataka maji. Akabonyeza, akasubiri. Akabonyeza tena, kisha akakishikilia kitufe mpaka kikamwachia alama kwenye dole gumba. Mwisho akajivuta mwenyewe kukifikia kikombe, akaanguka. Mama aliporudi alitupia jicho taa, akaiona kijani, akaketi kwanza apumzike. Alipumzika hivyo huku mama yake amelala sakafuni, upande wa pili wa ukuta uleule.

Nyonga ilivunjika. Daktari alisema kwa umri wake hawezi kupasuliwa. Alale tu, apewe dawa ya maumivu.

Injinia alifungua kisanduku, akaona waya wa njano ulipo. Jioni hiyo alizilehemu zote tatu, moshi wa risasi ya kulehemia unamwingia machoni naye hajifuti. Sasa mtambo hauna kasoro. Tumeujaribu mpaka majirani wamelalamika. Tatizo ni kwamba Bibi habonyezi. Kikombe kiwe tupu, midomo imkauke, habonyezi. Mama alimwekea kitufe kiganjani. Bibi akakifungua kiganja polepole, kitufe kikaangukia shuka.

"Mama, hatukukupuuza," Mama alimwambia. "Ni waya tu ulikosewa."

"Nimesikia, mwanangu," Bibi akajibu. "Waya."

Tumerudi chumbani, na vitambaa, na vitabu. Bibi anatushukuru kwa kila kitu, kwa adabu, kama tuko ugenini kwake. Nikimtania habari za ndevu anatabasamu ili kunisaidia. Mama husimama mlangoni na bakuli la uji uliopoa, hajui aingie au atoke. Mimi pia sijui.

FUNZO

Ndugu zangu, taa ya mtambo hueleza kwamba umeme umefika, basi. Habari za mgonjwa haizijui. Mtu mzee afuatwe chumbani, aulizwe, ashikwe mkono. Chombo kikusaidie kumfikia, kisikupe ruhusa ya kukaa mbali naye. Na wewe unayetengeneza kitu cha kulinda uhai wa mtu, kifunge kabisa kabla hujakionyesha kwa wageni, na kila ukikigusa, kijaribu. Sisi tulikosea waya mmoja tu, na kwa sababu ya waya huo mmoja…

Hapo ndipo nilipofika nikiwasomea wa nyumbani kwa sauti hadithi hii niliyowaandikia majirani, Mama yuko mkekani, Bibi amefumba macho. Nilidhani amelala.

"Rudia pale pa viatu," Bibi akasema.

Nikarudia: uani, mlango umefungwa, sauti haipenyi ukuta.

"Ulikuwa sebuleni, mume wangu. Kitufe kilipokataa nilikuita kwa mdomo. Ukapunguza redio, ukasikiliza. Nikakuita tena."

"Bibi, niliangalia taa. Ilikuwa kijani. Na kengele haikulia."

"Ndiyo. Halafu ukaongeza redio. Viatu uliviosha baadaye."

Mama aliacha sindano katikati ya kitambaa, akanigeukia, akasubiri niseme.