Boksi Lililovuta Pumzi

Spika ya besi huchaguliwa kwa kiganja. Wasiojua huchagua kwa macho, wanavutiwa na nyavu za chuma na vitaa vya rangi, halafu wakifika ukumbini wanalia. Hao tuwaache na kilio chao. Anayeijua kazi hugonga uzi wa gitaa ulio mnene kuliko zote, akainama, akaweka kiganja mbele ya lile tundu la chini la boksi. Noti ikitoka boksi humpulizia, noti ikirudi humvuta. Linapumua, na ukishika hiyo pumzi unajua kama lina nguvu au lina mbwembwe.

Sasa huyu kijana waliyemwita Nondo, kwa ugumu wa vidole vyake, aliinama dukani mbele ya boksi jeusi, akaweka kiganja, na boksi likamvuta. Kupuliza halikupuliza. Lilivuta tu, mfululizo, mpaka ncha ya mkono wa shati lake ikaingia tunduni.

"Mbona hili linavuta tu?" aliuliza.

"Labda la kisasa," alijibu rafiki yake, mpiga ngoma wa kundi lao. "Linajipooza lenyewe kama friji. Wewe piga, acha ushamba."

Mwenye duka hakuwepo wa kuulizwa. Plagi ilipoingizwa tu, alivuka barabara, akasimama ng'ambo ya pili na leso mdomoni. "Mie kichwa chaniuma," alikuwa amewaambia. Muuza spika anayekimbia spika! Mtu mwenye akili timamu angeshika njia akaenda zake. Lakini mwenye shida haambiwi, na Nondo alikuwa na shida. Kundi lao lilikuwa limepata kazi kwenye ukumbi mkubwa, wa kwanza maishani mwao, na spika yake ya zamani ikipandishwa sauti ilikuwa inakoroma. "Besi yako tunaiona, hatuisikii," wenzake walikuwa wakimtania, na utani ule ulikuwa umeshaanza kumchoma.

Alikuwa amejaribu mbili nyingine. Ile ya koni nne ndogo, zile duara zinazotoa mlio, ilikuwa kali, inachoma masikio, lakini huko chini haina kitu. Ile ya koni moja kubwa ilikuwa na tumbo, ila ikipandishwa inapaliwa. Hili jeusi halikukoroma wala halikupaliwa. Alipogonga uzi mnene, vioo vya duka vilitetemeka, moyo wake ukahama mahali pake, akajisikia mkubwa kuliko alivyokuwa. Akalichukua.

Nyumbani walikuwa watatu: Nondo, mama yake mshonaji, na mdogo wake wa kike. Huyo mdogo ndiye aliyekuwa mwimbaji wa kundi. Alikuwa haishi maneno, mchana akiongea, jioni akiimba, hata usingizini anajibizana na watu, kwa hiyo toka utotoni wakamwita Chiriku. Mama yao alikuwa akishona kwa kufuata sauti yake. Chiriku akinyamaza, cherehani nayo inasimama. "Mwanangu uko wapi?" angeuliza, na Chiriku angeitika kutoka jikoni, "Niko, mama, sijaolewa bado!" Basi cherehani inaendelea.

Asubuhi ya kwanza Nondo alifanya mazoezi chumbani kwake, dirisha wazi. Jogoo wa jirani akapanda ukutani, akatunisha kifua, akanyoosha shingo, akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena, akatikisa kichwa kama mtu aliyesahau jambo, akashuka.

"Afadhali," alisema mama yao. "Yule jogoo alikuwa hana adabu."

Kesho yake, Nondo akiwa anapiga mswaki uani, mama alimjia taratibu, uzi na sindano bado mkononi, akanong'ona, "Baba, jogoo ameingiaje chumbani kwako?"

"Jogoo gani?"

"Amewika humo sasa hivi. Mlango umefungwa."

Nondo akaingia. Plagi ilikuwa imechomolewa, waya umeviringishwa juu ya kitanda. Hapakuwa na jogoo. Palikuwa na boksi tu, na harufu ambayo haikuwepo jana, harufu ya kinywa kilichofumbwa siku nyingi. Akainama. Kutoka ndani kabisa, nyuma ya koni, alisikia kuwika, kudogo, kwa mbali, kama kwa kuku aliyezikwa.

Alijua. Hapa ndipo ninapomkasirikia. Alijua, akafungua dirisha harufu itoke, na kwa mama yake akasema ni redio ya jirani. Kwani siku ya ukumbi ilikuwa imekaribia, na alishausikia mlio wa lile boksi, na masikio yakishaonja kitu hayakubali kushushwa.

Siku ya onyesho ukumbi ulijaa mpaka milangoni. Chiriku alikuwa na tabia ya kuimba akiwa amesimama mbele ya spika ya kaka yake, mgongo unakaribia kuigusa. Alisema besi inamshika kiuno, haimwachi aanguke. Nondo alipomwona anasogea pale, alitaka kumwambia toka hapo. Mpiga ngoma akahesabu, wakaanza, na besi ikatoka kubwa kiasi kwamba watu wa mbele waliweka mikono vifuani wakicheka, na lile neno la kumwonya likamezwa na raha ya kusikika.

Wimbo wa pili, katikati ya ubeti, Chiriku alinyamaza.

Hakunyamaza mwenyewe. Mdomo ulikuwa wazi, mishipa ya shingo imetoka, kifua kinapanda na kushuka, na kila alipokuwa anaisukuma sauti Nondo aliona nywele za kisogoni kwake, zile nyepesi zisizofungika, zikilala kuelekea nyuma, kuelekea tunduni, zikivutwa, na upindo wa gauni lake nao ukivutwa, na vidole vya Nondo mwenyewe vikaendelea kupiga ingawa alikuwa ameshaviamuru viache.

"Maiki! Maiki mbovu!" watu walipiga kelele.

Chiriku aligeuka akamtazama kaka yake. Mpiga ngoma ndiye aliyechomoa waya, akiwa ameshaacha vijiti vyake sakafuni.

Daktari alimulika koo lake, akasema halina kidonda, halina uvimbe, mgonjwa apumzike. Akapumzika. Alikunywa maji ya moto, akasukutua, akajaribu kukohoa, na hata kikohozi chake hakikuwa na mlio. Cherehani ya mama ilisimama kabisa. Mama alikuwa anakaa mbele ya kitambaa, mguu juu ya kikanyagio, akisema, "Chiriku, hebu niite tu. Niite mara moja," na binti yake anamshika magoti, machozi yanamtoka bila sauti.

Na chumbani kwa Nondo, spika ikiwa imechomolewa, imegeuzwa uso ukutani, imefunikwa blanketi, Chiriku alikuwa anaimba.

Mpiga ngoma alimleta shangazi yake, mganga, mama wa mwili na haraka zake, simu haiachi kuita ndani ya mkoba. Alipofika kizingitini alinusa, akaizima simu, akaweka kiganja mdomoni.

"Humu msiseme kwa sauti," alinong'ona. "Nani kaleta hiki kitu?"

"Mimi, shangazi," Nondo alinong'ona.

"Ulikichagua mwenyewe?"

"Nilikichagua."

"Una macho kweli wewe." Akawasukuma wote mpaka uani, mbali, ndipo akaondoa kiganja. "Jini huyu hana sauti. Hakuumbiwa. Basi anatamani za watu, anazivuta, anazichezea humo ndani kama mtoto na kokoto. Hilo boksi ndiyo mwili wake. Leo hii lipelekwe mbali, porini, lizikwe likiwa zima. Lisipasuke hata ubao. Mkilivunja mmempa ruhusa ya kutembea."

"Na sauti ya mdogo wangu?"

Mganga hakumtazama. "Shukuru Mungu shingo yake ipo."

"Hawezi kuirudisha? Tukimpa kitu kingine?"

"Sikiliza, mwanangu. Jini hana duka na hana chenji. Ukimpa, kachukua, imekwisha hiyo. Usifanye naye biashara." Akamgeukia mama. "Na wewe dada, likishatoka nje jifungie ndani mpaka likazikwe. Milango yote."

Walilibeba mpaka uani, mchana wa jua kali, wakaliweka karibu na ukuta. Mganga alimaliza manuizo yake akaondoka. Mpiga ngoma akalifunga geti la uani kwa nje, mtu asije akaingia, akaenda kutafuta gari la mizigo. Mama akaingia, wakasikia komeo la mlango wa nyuma likishuka, kisha sauti yake kwa ndani: "Atakayetaka kuingia aseme ni nani! Chiriku atasemewa na kaka yake! Asiyesema simfungulii, hata agonge mpaka kesho!"

Chiriku alikaa kwenye ngazi, uso juu ya magoti. Hakuwa analia tena. Miaka yake ilikuwa bado michache, kazi yake ilikuwa ile, furaha yake ile, na kaka mtu alikuwa anamwangalia akijua kwamba gari likifika, vyote hivyo vinakwenda kufukiwa. Hakuweza. Mtu husema ningekuwa mimi ningesikia ya mganga; sema hivyo ukiwa huna mdogo.

Alipiga magoti mbele ya tundu.

"Mrudishie," alinong'ona.

Harufu ikamjia usoni. Halafu, karibu kabisa, ikatoka sauti ya Chiriku, ile ya kudeka aliyokuwa akiitumia akitaka kitu: "Kaka, humu pana giza."

"Mrudishie mwenyewe. Chukua yangu."

"Yako nzito. Naipenda yako," ilisema sauti ya mdogo wake. "Weka mdomo hapa."

Akaweka. Midomo ilipogusa ubao, ubao ulikuwa na uvuguvugu kama ngozi ya mtu mwenye homa, na kitu kikaanza kumtoka, si pumzi, kwa sababu pumzi alikuwa nayo, ila kitu kilichokuwa chini ya pumzi, kilichokuwa kimeshikamana naye toka siku alipozaliwa akalia, kikavutwa taratibu kama uzi unavyotolewa kwenye pindo, kikimkwaruza kifuani, kooni, ulimini, mpaka ncha yake ya mwisho ikapita kati ya meno, naye akaanguka kando, akageuka kumtazama Chiriku, akisubiri.

Chiriku alikuwa amesimama. Alifungua mdomo. Akaugusa kwa vidole. Akatikisa kichwa.

Na ndani ya boksi mwanamume akacheka, akasema kwa sauti ya Nondo, "Mjinga huyu."

Chiriku hakuwa na hasira za karibu, ila siku hiyo zilimjaa. Shoka la kupasulia kuni lilikuwa pale pale ukutani, akalinyakua. Nondo alimrukia, akataka kupiga ukelele usivunje, usivunje, amesema lisivunjwe, na meno yake yakagongana bure. Akamshika mguu, akamwonyesha mikono, naye Chiriku akamsukuma kwa goti na kuteremsha shoka, mara moja, mara nyingine, kwa nguvu za mtu aliyenyimwa hata kulia, mpaka nyavu zikakunjamana na koni zikachanika na ubao wa mbele ukaachana na ubao wa nyuma.

Ndani mlikuwa hamna kitu. Vumbi kidogo na waya.

Ukutani kwa jirani jogoo akawika. Wakatazamana, na kwa muda mdogo Nondo aliona tumaini usoni kwa mdogo wake. Chiriku akafungua mdomo tena. Hakikutoka kitu. Kule ukutani hapakuwa na jogoo, ila ile harufu ilipita kati yao, ikawagusa mashavu, ikapanda mlango wa nyuma, ikafika paani, ikatambaa juu ya nyumba yote kuelekea mbele, na vigae vikawa vinalia kimoja kimoja mpaka vya mwisho vikanyamaza.

Kisha, mlango wa mbele ukabishwa kwa adabu.

"Mama," Chiriku aliita kutoka barabarani. "Mama, ni mimi. Sauti imerudi. Nifungulie."

Ndani kiti kikaanguka. "Chiriku? Mwanangu!"

Chiriku, aliyesimama uani na shoka mkononi, alilitupa akaukimbilia mlango wa nyuma. Komeo lilikuwa limeshuka. Akaupiga kwa viganja, Nondo akaupiga kwa bega, wakaugonga wote wawili, kwa ngumi, kwa vichwa, midomo wazi.

"Ishia huko huko!" mama aliufokea mlango wa nyuma. "Shetani mkubwa wee! Nimesema asiyesema simfungulii!"

"Mama, fanya haraka," aliita Chiriku wa mbele. "Kaka yuko hapa na mimi."

"Ni kweli, mama," ilisema sauti nzito ya Nondo. "Tufungulie. Hilo lililoko nyuma usilisikilize."

Nondo alilichukua shoka akaanza kuupasua mlango. Kwa kila pigo alimsikia mama yake akipiga yowe la hofu, akilikimbia lile shoka, ndala zake zikiburuzika kwa haraka sakafuni, zikapita cherehani, zikafika mbele.

"Nakuja, wanangu," alisema mama. "Nakuja, nafungua."