Mkate wa Malkia wa Nta

Haya yalimpata rafiki yangu Perrine, aliyekuwa mwandazi wa meza katika jumba la mfalme nilikokuwa mpishi. Na mchuzi wangu, nisijisifu sana, askofu mzima aliwahi kuulamba hadi sahani ikang'aa.

Malkia Aldegonde alipofariki, sanamu yake ya nta ilikalishwa mezani, ikaandaliwa chakula kila siku hadi siku ya maziko, kama ilivyo desturi. Mdomo wa sanamu ulikuwa umefumbwa, kama alivyozoea mwenyewe, akificha pengo la jino la mbele alilovunja alipoanguka kutoka kwenye farasi. Kila mlo ulipoondolewa mezani, chakula kilipelekwa kwa maskini. Shida ni kwamba mkate ulikuwa ukirudi kutoka mezani umeliwa nusu.

"Perrine, tumbo lako halina haya," msimamizi Gaucher alimwambia. "Ukiliwa tena, utachapwa uwanjani kisha ufukuzwe."

"Bwana, mkate wa marehemu siuli hata uupake siagi."

Adhuhuri Perrine akaingia chumba cha sanamu na mkate na mshumaa. Mapazia meusi yalikuwa yameziba madirisha yote. Alipouweka mkate mbele ya sanamu, mshumaa ukazimika. Gizani akasikia hariri ikichakarika, kisha mtu akitafuna polepole, bila haraka yoyote.

Perrine akapiga kelele. Gaucher akaja mbio na taa, akamshika kidevu.

"Leo nimekupata. Fungua kinywa."

Akafungua. Kinywa kilikuwa kitupu, na meno yake yote yalikuwepo.

Gaucher akauinua mkate kwenye taa. Ulikuwa umeng'atwa, bado una mate, na katikati ya alama za meno palikuwa na pengo.